Unimog yenye nyumba nyuma, dola 31,000, Lubumbashi: ninunue ao niache?

Mwana_Kafubu
Jambo wandugu. Naomba ushauri wa haraka. Kuna Unimog U1300L ya 1985, lori la Mercedes la njia mbaya, inauzwa hapa mjini, imejengewa nyumba nyuma: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 300, paneli za jua juu ya paa, umeme wa volti 12. Imeshuka Afrika kuanzia Moroko mpaka huku kwetu. Mwenyewe alitaka 36,000, sasa amefika 31,000. Nataka kupeleka wageni mbuga ya Kundelungu kwenye maporomoko ya Lofoi, na mbuga ya Upemba wakati wa kiangazi. Swali langu ni moja tu: motere ya OM352 ya umri huo bado ina maisha? Nijibuni leo, kuna mtu mwingine anaitaka.

Garaji_Katuba
OM352 usiiogope. Silinda sita, lita 5.7, farasi 130, pampu ya dizeli ya Bosch ya mstari, hakuna kompyuta. Ni motere ya ukoo mmoja na ile ya malori ya Mercedes 911, kwa hiyo ringi na gasketi bado vinatafutika.

Fika asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha. Gusa bloku. Ikiwa na joto, rudi nyumbani uje siku nyingine, maana motere mbovu hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika. Iwake bila kupuliziwa eta, ile dawa ya kuwashia. Moshi mweupe wa mwanzoni si neno. Ukiendelea baada ya motere kupata joto, ni nozeli ao maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili. Mweusi kwenye mlima ni dizeli kupita kiasi ao chujio la hewa limejaa vumbi. Motere ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, fungua kifuniko cha oili ukilaze juu ya tundu bila kukikaza. Kikirushwa na pumzi, ringi zimechoka. Halafu pima kompresheni ya silinda zote sita, na usikubali kupimiwa mbili za mfano.

Lakini kinachofilisi wanunuzi wa Unimog si motere, ni ekseli. Karibu na kila gurudumu kuna sanduku dogo la gia, ndilo linaloinua ekseli mbali na mawe. Kila sanduku lina oili yake na sili zake. Legeza kizibo cha chini kwenye yote manne, umwage kidogo kwenye kopo safi. Oili iliyogeuka nyeupe imeingiwa na maji mtoni. Chembe za chuma unazoziona kwa jicho ni beringi inayokufa, na beringi hiyo hutaipata kwa wauza spea wa hapa.

Tairi_Kampemba
Mbona hakuna anayeuliza tairi? U1300L nyingi za jeshi la Ujerumani zinavaa 12.5R20, ambazo siku hizi huandikwa 335/80R20, juu ya rimu pana ya inchi 11. Tairi za 12.00R20 unazoziona kwenye malori ya migodi hazikai kwenye rimu hiyo, hata kama zote zinaitwa ishirini. Moja ikipasuka njia ya Mitwaba, hakuna wa kukuazima. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la zaidi ya miaka kumi linapasuka ubavuni hata likiwa na meno yote, kwa sababu mpira umekauka. Hesabu tano mpya na usafiri wake ndani ya bei, tangu leo.

Papa_Likasi
Mdogo wangu, mimi nakuuliza: unatafuta wageni ao unatafuta gari la kupendeza macho? Land Cruiser 79 yenye motere ya 1HZ, hema juu ya paa, friji ndogo, inatosha. Kila fundi mpaka Pweto anaijua. Unimog inakunywa lita 20 na kitu kwa kilometa mia, inatembea 80 kwa saa, na mgeni analala peke yake ndani wakati wewe na mpishi mnalala nje. Pesa ya kwanza ya biashara isiende kwenye mapambo.

Mwana_Kafubu
Papa, nimekusikia, lakini Land Cruiser kila mtu anayo. Wageni wanataka kitu tofauti. Hata jina la biashara nimekwisha kulichorea mbao za ubavuni.

Mama_Mizani
Umechora jina kabla ya kupima gari? Sikia. Hiyo Unimog ina kikomo cha tani 7.5, na nyumba za kutengenezwa kwa mikono hupenda kuvuka hapo. Ijaze maji na dizeli, ipitishe kwenye mizani ekseli moja moja. Ekseli ya nyuma ikizidi, springi na breki ndizo zitakazolipa.

Ingia chini na tochi. Chesisi ya Unimog imetengenezwa ijipinde. Kwa hiyo nyumba inatakiwa kukaa kwenye fremu yake ya pointi tatu ao nne zenye bawaba. Iliyofungwa kwa boliti moja kwa moja inajipinda pamoja na chesisi: tafuta nyufa kwenye kona za mlango na mahali palipochomelewa. Kisha panda ndani, ukanyage sakafu yote, hasa chini ya sinki na kwenye kona. Inayobonyea ina maji kati ya kuta, na povu lililolowa halikauki. Utakata ukuta.

Swali langu sasa: gari limevuka nchi hizo zote. Liliingiaje Kongo?

Mwana_Kafubu
Karatasi ziko zote mama, nimeziona kwa macho. Tuongee motere.

Mama_Mizani
Sikuuliza kama ziko. Plaki ya namba ni ya wapi, na liliingia kwa karatasi gani?

Mwana_Kafubu
Sawa. Plaki ni ya Ujerumani. Liliingia kwa carnet de passages. Mwenyewe amechoka na safari, anataka kurudi kwao na ndege. Tutaandika barua ya mauzo, ataniachia carnet na funguo, niendeshe na plaki yake mpaka nipate pesa ya duane (forodha). Nimekwisha kumpa dola 4,000. Msinikemee. Bei hiyo nikiiacha sitaiona tena.

Wakala_Kasumbalesa
Ungeanza na hili, ndugu yangu, tairi na motere vingesubiri.

Carnet si karatasi ya umiliki. Ni dhamana kwamba gari litatoka. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja duane wanakikata likiingia, kimoja likitoka, na kishina kinabaki kitabuni na mihuri yote miwili. Muhuri wa kutoka ukikosekana, duane wanadai ushuru kwa klabu ya magari iliyotoa carnet, na klabu inakamata dhamana ya mwenye gari. Ndiyo maana yeye pia anaharibikiwa, hata kama hajui.

Kwako ni mbaya zaidi. Ruhusa ya muda ni ya mgeni asiyeishi hapa. Wewe mkaaji wa Lubumbashi ukishikwa kwenye usukani na barua ya mauzo mfukoni, umeleta mwenyewe ushahidi kwamba gari limeuzwa bila ushuru. DGDA, yaani duane ya Kongo, wana haki ya kulizuia. Usifikiri kulivusha Zambia kunasafisha: kule nako linaingia kwa muda vilevile.

Kipushi_Juu
Samahani, mimi siamini uzi huu. U1300L ya jeshi ni volti 24, batri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Huyu anasema 12. Mjerumani hana jina, picha hakuna, na siri inatoka kidogokidogo kama sinema. Watu wanatoa maarifa yao ya kweli hapa. Kama gari lipo, nenda ulisimamie utuambie vitu vitatu: tarakimu za DOT kwenye tairi zote, breki za nyuma ni diski ao ngoma, na namba iliyogongwa kwenye chesisi ina tarakimu zipi. Usisome kibati peke yake. Linganisha na carnet.

Mwana_Kafubu
Nimerudi kutoka kwenye gari, mikono bado ina grisi. Tairi nne ni 1413, ya akiba ni 0809. Breki ni diski, mbele na nyuma. Namba ya chesisi ina 435115, na iko sawa na ya carnet mpaka mwisho. Volti 12 ni za nyumba, zina batri zake mbali. Gari lenyewe ni 24. Nilichanganya.

Na habu ya mbele kushoto, lile sanduku la gia la gurudumu, imelowa oili, imemwagika mpaka ndani ya rimu. Carnet nayo inaisha tarehe 28 ya mwezi ujao.

Kipushi_Juu
Namba ni ya ukoo wenyewe wa U1300L, diski nne ni sahihi. Gari lipo. Naondoa neno langu.

Tairi_Kampemba
Tairi zote tano ni za kubadilisha. Usizipe hata miezi sita.

Wakala_Kasumbalesa
Hiyo tarehe ndiyo haraka yake, si mnunuzi mwingine. Fanyeni hivi, wewe na yeye pamoja, na asipande ndege kabla kazi hii haijaisha.

Kwanza, kabla ya kuongeza hata franki moja, wakala mwenye kibali aulize DGDA kwa maandishi kama gari la 1985 linakubaliwa kubaki nchini. Jibu likiwa hapana, mauzo yamekufa. Alirudishe kwao ao alitoe kabla carnet haijaisha. Jibu likiwa ndiyo, wakala anafungua tamko la kuliingiza kwa matumizi ya kudumu, OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi, wanalikagua, ushuru unalipwa kwa benki, kisha duane wanaandika kwenye carnet kwamba limehalalishwa. Yeye anairudisha carnet kwa klabu yake, dhamana inafunguliwa. Siku zikiwa chache, aombe klabu nyongeza ya muda kabla ya tarehe 28. Baada ya hapo ni vigumu.

Ile 4,000 iandikiwe mkataba mpya leo: inarudi yote kama duane wanakataa. Wote wawili mtie sahihi, na nakala ya pasipoti yake iambatanishwe.

Mwana_Kafubu
Nimemwonyesha maneno haya. Amekubali mkataba, na Jumatatu tunaenda kwa wakala. Kuhusu bei bado anashikilia 31,000, anasema habu ni sili tu.

Garaji_Katuba
Labda ni sili tu. Asibishane, aithibitishe: inua gurudumu hilo juu ya jeki, lishike juu na chini ulitikise, halafu ulizungushe kwa mkono ukisikiliza. Likicheza ao likinguruma, ni beringi, na sanduku lote linafunguliwa. Lisipocheza, mwaga oili, ikague, badilisha sili, safisha breki kwa sababu diski imelowa, na ubadilishe pedi za pande zote mbili za mbele. Fungua na masanduku mengine matatu siku hiyohiyo. Sili za umri mmoja huanza kuvuja kwa kufuatana. Kisha toa kwenye bei gharama ya tairi tano na sili za masanduku manne. Asipokubali kufunguliwa masanduku, usinunue.