Mpangaji amegoma kulipa na amegoma kuhama, nataka nyumba mwisho wa mwezi. Naombeni ushauri

Mtulivu77
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri wa haraka, usiku silali.

Nina nyumba yangu ya kawaida Chamazi, nimepangisha familia tatu, kila moja chumba, sebule na jiko la ndani. Luku moja, maji ya kisima. Wawili sina shida nao. Huyu wa tatu ana mke na watoto, kodi ni 120,000 kwa mwezi. Zamani alilipa miezi sita sita, kisha akaomba mitatu mitatu, nikamkubalia. Sasa ni mwezi wa nne hajatoa hata shilingi. Ukimpigia ni mpole kabisa, "tutaongea kaka", ila hela hatoi. Nimemwambia ahame, kasema hahami.

Je, naweza kuweka kufuli langu akiwa kazini? Au ning'oe mlango niseme ni ukarabati? Kuna jirani alifanya hivyo na mtu akahama siku ileile. Au nimkatie umeme? Nawasilisha.

Chuma cha Reli
Ng'oa mlango mkuu. Mimi wa kwangu Tandika nilimwezulia bati mbili, masika yakamaliza kazi. Ukiwa na huruma na mpangaji utakufa na deni lako.

Mama Wawili
Chuma, na watoto wa huyo mtu walilala wapi siku hiyo? Mimi nimekulia nyumba za kupanga Manzese. Mama alitolewa vyombo nje kwa deni la miezi miwili, tukalala kwa mjumbe, na godoro letu halikuonekana tena. Mleta uzi, hiyo ni familia. Mungu anaona.

Chuma cha Reli
Mungu anaona na deni pia.

Karani Mstaafu
Mdogo wangu Mtulivu, shusha pumzi kwanza, na mlango usiuguse. Ukifunga kufuli leo, kesho atasema ndani kulikuwa na milioni mbili na runinga, na wewe ndiye utakayetakiwa kueleza vimekwenda wapi. Kudai kodi ni haki yako, lakini mtu akigoma kutoka, anatolewa kwa amri ya baraza au mahakama, na anayeitekeleza ni dalali aliyepewa kazi hiyo.

Nijibu haya ndipo tuendelee. Mkataba wa maandishi upo? Notisi umempa kwa karatasi? Na yeye anasema halipi kwa sababu gani?

Fundi Chemba
Ngoja niseme hili la Luku moja, maana ndipo ugomvi unapozaliwa. Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye umeme, tangu 2021 ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Mpangaji akinunua umeme wa kwanza wa mwezi anakatwa yeye, wakati kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Nimeona watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya hiyo 1,500. Weka mita ndogo kwa kila mpangaji, na kodi ya jengo uwarudishie.

Mtulivu77
Asante mzee Karani. Mkataba ulikuwepo wa mwaka wa kwanza, ukaisha, tukaendelea kwa kuaminiana. Notisi nimempa kwa simu. Sababu zake ni visingizio tu. Fundi, suala la umeme halipo, nataka kujua kuhusu kufuli.

Karani Mstaafu
Visingizio gani? Viandike hapa kama anavyovisema.

Mtulivu77
Anasema alitengeneza choo.

Dada Mahesabu
Alitengeneza kwa hela yake?

Mtulivu77
Wakuu, ni hivi. Kwenye masika shimo la choo lilititia. Nilikuwa safarini, akanipigia nikamwambia afanye lolote lisaidie kwa muda. Yeye akachimba shimo jipya, akajenga kwa tofali, akaweka mfuniko wa zege na nondo. Ananiletea risiti na hesabu ya fundi, jumla 430,000. Mimi nilidhani atatumia kama laki moja na nusu. Sikumtuma ajenge ghorofa chini ya ardhi.

Fundi Chemba
Shimo jipya la tofali na mfuniko wa zege, watumiaji familia tatu, kwa 430,000? Huyo amekufanyia bei ya ndugu. Mwambie aniunganishe na fundi wake.

Dada Mahesabu
Miezi minne mara 120,000 ni 480,000. Toa 430,000. Mtulivu, huyu mtu unamdai 50,000. Umetuambia hajatoa hata shilingi, kumbe kodi yako imo kwenye choo ambacho wapangaji wako wote wanakitumia sasa hivi. Mlikubaliana kukatana?

Mtulivu77
Hatukuandikiana.

Dada Mahesabu
Hata meseji?

Mtulivu77
Kuna WhatsApp nilimwandikia "fanya kaka, tutakatana kwenye kodi". Lakini sikutaja kiasi! Mtu ukimwambia tutakatana si ruhusa ya kutumia anavyotaka. Na mimi ndiye mwenye nyumba.

Karani Mstaafu
Hiyo meseji ni ushahidi, mdogo wangu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea. Unaweza kubishana naye juu ya kiasi, na hiyo ni haki yako, ila huwezi kusema hakuna makubaliano.

La notisi nalo lisikilize vizuri. Mkataba ukiisha na mkaendelea kulipana, upangaji unahesabiwa kwa vipindi, na notisi inafuata kipindi cha kodi. Nyinyi mmelipana miezi mitatu mitatu. Akipata mtu wa kumshauri, atakudai notisi ya miezi mitatu. Mwisho wa mwezi huu sahau.

Mama Wawili
Huo mwisho wa mwezi mimi ndio unanisumbua. Una nini, kaka? Mpangaji anakutengenezea choo, unamdai elfu hamsini, unataka kumng'olea mlango. Kuna kitu hujasema.

Mtulivu77
Sioni kinahusiana vipi, ila sawa. Kuna mtu ameshalipia hicho chumba na sebule. Miezi sita, 720,000. Dalali alimleta, mfanyakazi, hana mtoto, hana kelele, ataingia tarehe moja. Ningemwacha aende? Mnajua Chamazi sasa vyumba vinavyokaa wazi?

Chuma cha Reli
Hapo hata mimi nimerudi nyuma. Umepokea kodi ya nyumba yenye mtu ndani?

Mchunguzi Huru
Wanajamvi, hii ni chai, stori ya kutunga. Nilikuwa nasoma kimya ila imezidi. Mtulivu77 huyuhuyu mwaka jana alileta uzi analia mwenye nyumba wake wa Kimara anamtaka kodi ya mwaka mzima. Leo ni baba mwenye nyumba Chamazi, wapangaji watatu na kisima. Choo kimekuja baadaye, WhatsApp ikafuata, sasa kaja mpangaji mpya. Kesho atatuambia nyumba ni ya mirathi.

Sukari Guru
Tangawizi nyingi kweli. Mods unganisheni na ule uzi wa Kimara.

Mtulivu77
Uzi wa Kimara ni wangu na ni wa kweli. Nafanya kazi Kibaha, Maili Moja. Kutoka Chamazi kila alfajiri mpaka Kibaha nani anaweza? Nilijenga Chamazi kwa sababu ndipo kiwanja kilipouzwa kwa hela niliyokuwa nayo. Naipangisha, na mimi nimepanga Kimara. Safari hii mwenye nyumba wangu alitaka miezi sita kwa mpigo, wakati huohuo huyu hanipi kitu. Ile 720,000 imekwenda huko. Sasa mmejua. Kama kwenu hiyo ni chai, niacheni.

Fundi Chemba
Mchunguzi, mwache. Nazunguka na kazi mji mzima huu, wenye nyumba wengi ninaowafahamu ni wapangaji mahali pengine.

Mchunguzi Huru
Sawa, Kimara umeieleza. Kilichobaki ni kwamba umeuza kiti kimoja mara mbili.

Karani Mstaafu
Tuache kumsulubu, ana wiki chache tu.

Mtulivu, fanya hivi. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na huyo mpangaji, mkakae na risiti zote. Kama unaona 430,000 ni kubwa, mlete fundi mwingine akadirie shimo mbele yao, kisha mwandike salio na wote msaini. Mkishindwana, kuna Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 halihukumu tena, linasuluhisha kwa siku 30, likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Akibaki, mwandikiane mkataba mpya, na uweke kifungu kwamba ukarabati wowote unaanza baada ya wewe kukubali bei kwa maandishi. Lipia ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwako ni 14,400. Mkataba usio na stempu barazani wanaweza kuukataa mpaka ulipiwe pamoja na faini.

Na huyo mpya mwambie ukweli leo. Kila siku unayokaa kimya inamharibia yeye.

Mtulivu77
Mzee wangu, wa mpya siwezi kumrudishia, hela haipo. Na dalali ameshachukua mwezi wake kwake. Nilifikiri huyu wa zamani nimpe hiyo tofauti, aondoke kwa amani.

Dada Mahesabu
Tofauti ipi? Yeye ndiye anayedaiwa 50,000. Ukitaka aondoke kabla ya muda, wewe ndiye utakayemlipa, na atapanga bei yeye. Hao wawili wengine, hakuna anayehama karibuni ili mpya aingie pale?

Mtulivu77
Mmoja aligusia kurudi Lindi baada ya mavuno ya korosho. Sijamuuliza vizuri.

Mama Wawili
Muulize leo. Halafu mpigie huyo mpya.

Mtulivu77
Wa Lindi anasema ni Desemba, kama si Januari. Mpya nimempigia, nimemweleza yote. Hakunitukana. Kaniambia alikokaa ameshatoa notisi, na chumba chake kimeshapata mtu.

Karani Mstaafu
Basi aje naye kwa mwenyekiti, mkae wote. Mwombe akupe muda wa kumrudishia kidogo kidogo, mwandikiane tarehe na kiasi. Na kwa mwenye nyumba wako wa Kimara nenda leo jioni, ukaulize kama anaweza kukurudishia miezi miwili au mitatu.