Bondia akigoma kupanda ulingoni, kumfungia mwaka mzima ni haki?

Wadau wa ngumi wa Tanga na kwingineko, salaam. Hii mada hapa mjini haiishi tangu Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, ilipomfungia bondia wetu Hassan Mwakinyo mwaka mmoja na faini ya milioni moja juu, Oktoba 2023, baada ya kugoma kupigana na Julius Indongo wa Namibia pale Dar, yeye akilalamika waandaaji hawakwenda na makubaliano. Wengine walikasirika kwa vile ni mtoto wa nyumbani, wengine wakasema safi, mashabiki walishakata tiketi. Mi sitaki tubishane kuhusu Mwakinyo, yule jina analo. Nataka tuongelee adhabu yenyewe.

Mi napinga bondia kufungiwa kwa ugomvi wa mkataba. Bondia wa kulipwa hana mshahara jamani, anakula akipanda ulingoni basi. Mchezaji wa mpira akifungiwa mechi tatu mwisho wa mwezi hela inaingia. Sasa mchukue kijana wa Makorora, alfajiri kakimbia mpaka Raskazone na kurudi, mchana yuko kwenye bodaboda, jioni gym anavaa glovu za kushea ambazo jasho la mwenzie halijakauka, akipata pambano la utangulizi hela yenyewe kocha ana chake humo, nauli humo, bandeji humo. Huyo ukimfungia mwaka ndo umemmaliza, promota kashamsahau, utakuja kumkuta baunsa mlangoni.

Alafu mwenye jina huwa anapenya tu. Bondia Dereck Chisora mwaka 2012 Bodi ya Ngumi ya Uingereza ilimnyang'anya leseni baada ya kuzichapa na bondia mwenzie David Haye kwenye mkutano na waandishi Munich, lakini Julai hiyo hiyo walipigana London kweupe kwa kibali cha shirikisho la ngumi la Luxembourg. Kijana wetu atakwenda Luxembourg na nini?

Msinielewe vibaya, yapo makosa ya kufungia bila huruma. Mwaka 1983 New York, Luis Resto alimpiga Billy Collins kwa glovu zilizotolewa sufi ndani, yule kijana macho yakaharibika na hakupigana tena, Resto na kocha wake wakaishia jela. Hapo hata mkisema maisha nakubali. Anayechezea glovu, anayetumia dawa, anayepanda na vipimo feki, huyo anaweza kuua mtu.

Ila mkataba ni hela, basi adhabu iwe hela, na iwe ya asilimia. Tyson alipomng'ata Holyfield sikio mwaka 1997, kamisheni ya jimbo la Nevada, Marekani, ilimfutia leseni, zaidi ya mwaka ndo akarudishiwa, lakini na faini ilikuwa dola milioni 3 kati ya 30 alizolipwa, yaani asilimia 10. Hiyo inauma kwa yeyote. Milioni moja yetu kwa bondia mkubwa haimnyimi usingizi, na kwa kijana wa utangulizi hailipiki hata auze simu.

Na promota je? Anayebadilisha mpinzani siku ya kupima uzito, anayekwambia panda kwanza hela utaikuta kesho, huyo mbona hatumsemi kwa ukali huo huo? Mi ningependa hela ya bondia iwe imeshawekwa kamisheni kabla hajapanda kwenye mizani, ikikosekana hakuna pambano na promota ndo alipe mashabiki. Migomo mingi ingeishia hapo.

Najua kuna mtakaosema promota kashakodi ukumbi, kalipa matangazo, hasara yake nani ataibeba. Ni kweli, bondia akionekana ana kosa akatwe kwenye mapambano yake yanayofuata mpaka deni liishe. Sasa nyie mnaotaka afungiwe niambieni, huyo aliyekaa mwaka bila kupigana atamlipa promota kwa hela gani?