Katani badala ya faibaglasi: inawezekana au tunajidanganya?

fundi_tabata
Wakuu habari za humu. Mimi fundi wa faibaglasi hapa Dar, natengeneza bampa za bajaji, viti vya boti, matangi madogo, chochote kinacholeta hela. Sasa ile mati ya glasi inatoka nje na bei ndo hiyo haishikiki, halafu ukipiga msasa vumbi lake unajikuna mpaka usiku, wenye hii kazi wananielewa. Nimeona video za Ulaya wanatengeneza milango ya magari kwa nyuzi za mimea nikajiuliza, Tanga pale kuna mkonge mpaka macho yanachoka kuangalia, kwa nini tusiweke katani yake kwenye rezini, ile gundi ya plastiki inayoganda, tukaachana na glasi?

Nikajaribu. Nimekata singa (nyuzi za katani) fupi fupi, nikapanga kwenye moldi, nikamwaga rezini na hadina ya kuigandisha kama kawaida. Kipande kikatoka safi, kigumu halafu chepesi. Ila rezini imeliwa nyingi mno kuliko kwenye mati, na kilipokaa nje kikakutana na mvua za masika kimevimba pembeni, ndani kuna weupe weupe, ukikigonga unasikia kabisa kimeachia. Kuna dawa ya hii kitu au nirudi tu kwenye glasi yangu? Na kuna mteja anataka tangi la maji, nimwekee katani au nimuache?

injinia_wa_plastiki
Mkuu, tangi la maji achana nalo kabisa, nitakwambia kwa nini.

Katani kama theluthi mbili yake ni selulosi na selulosi inapenda maji kupita kiasi. Rezini ya poliesta yenyewe maji haiyataki. Ukizikutanisha bila kuandaa chochote zinashikana juu juu tu, halafu uzi ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, unabaki upenyo kati ya uzi na rezini, huo ndo weupe unaouona. Na maji yanapita kwenye kingo ulizokata, ndo maana kimeanzia pembeni.

Unachoweza kufanya: kausha singa kwenye oveni kabla ya kumwaga rezini, jua la Dar halitoshi, hewa yenyewe ina unyevu na uzi unaunywa tena hata ukiwa umeuweka kivulini. Halafu watu wengi wanaloweka kwenye kostiki soda nyepesi, kama asilimia 5 hivi, masaa machache, kisha unasuuza mpaka maji yawe hayatelezi, unakausha. Inatoa nta na uchafu, uso wa uzi unakuwa na mikwaruzo rezini ipate pa kung'ang'ania. Glavu na miwani usisahau, kostiki inakula ngozi na macho. Mwisho ziba kingo zote kwa jelikoti, ile rezini nzito ya kupaka juu, usiache hata moja wazi. Hapo utapunguza tatizo sana, ila kulimaliza hulimalizi.

Kuhusu nguvu tusidanganyane. Ukiuvuta, uzi wa glasi ya kawaida unavumilia megapaskali 2000 na kitu, katani ni kama 400 mpaka 700. Katani inachoishinda nacho glasi ni wepesi tu, sentimita moja ya ujazo ya katani ina gramu 1.45 hivi, glasi 2.5. Yale magari ya mashindano uliyoyaona wengi hawatumii mkonge, wanatumia flaksi, ule mmea wa kitani wa Ulaya, ambao ukigawanya ugumu kwa uzito unakaribiana na glasi. Porsche walitoa 718 Cayman GT4 Clubsport mwaka 2019 yenye milango na bawa la nyuma la nyuzi za mimea, na mwaka 2020 McLaren wakatengeneza kiti cha Formula 1 cha flaksi na kampuni ya Uswisi inaitwa Bcomp. Mkonge kwenye magari upo, Mercedes wameutumia miaka mingi, lakini angalia unakaa wapi: paneli ya mlango UPANDE WA NDANI. Hakuna mvua, hakuna jua la moja kwa moja. Na hawamwagi rezini kama sisi, wanachanganya singa na nyuzi za plastiki ya polipropilini wanapiga presi ya moto. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 165 hivi na katani inaanza kuungua ikikaribia 200, kwa hiyo kuna nafasi ndogo tu hapo katikati ya kuchezea. Plastiki zinazohitaji moto zaidi ya huo sahau.

mkonge_korogwe
Naona mnaongelea katani kama vile inaota ikiwa imefungwa bando 😂

Kwenye jani, singa ni kama asilimia 4 tu, zinazobaki zote ni maji na makapi. Na jani likishakatwa lazima liwahi korona, mashine ya kutoa singa, likilala juani siku mbili tatu singa inatoka chafu na ngumu kuibrashi. Kwa hiyo fundi ukinunua pale njiani bila kujua imetoka wapi, leo utapata nzuri kesho utapata uchafu, kazi yako itakuwa ya kubahatisha. Ushauri wangu usihangaike na daraja la 3L, hiyo ni ndefu na nyeupe, ya watu wa nje, unalipia urefu wa karibu mita moja halafu unakwenda kuikata! Chukua UG, daraja la chini, au zile fupi zinazobaki kwenye brashi, rangi mbaya ila kwa kazi ya moldi rangi ya nini. Muhimu iwe imeoshwa na imekauka.

Na mimi naiunga mkono hii mada kwa sababu moja. Nchi hii mwaka 1964 ilitoa karibu tani 230,000 za katani, karibu zote kwa ajili ya kamba na magunia, ikaja kamba ya plastiki soko likaanguka, mengine ya kutaifisha na usimamizi yakafuata juu yake, mpaka mwisho wa miaka ya 90 tulikuwa tunachungulia tani 20,000. Tulitegemea matumizi mamoja. Hata hayo makapi watu walikuwa wanayamwaga tu mitoni, mpaka pale Hale ukazinduliwa mtambo wa gesi ya makapi ya mkonge mwaka 2008, wa kuzalisha umeme, kilowati 150 kwa kuanzia. Asilimia 96 ya jani ndo iko huko jamani, na sisi tunagombania nne.

dari_na_jipsam
Sisi huku katani tunaitumia kila siku wala hatujaiita teknolojia. Mapambo ya dari bila katani ndani yanavunjika mkononi kabla hujapandisha ngazi. Unachambua singa, unaloweka kwenye jipsam bichi, unatandaza, basi. Waarabu wa Saudia wananunua mkonge wa Kenya na Tanzania kwa kazi hiyo hiyo. Jipsam haina ukali na iko ndani ya nyumba, ndo maana inadumu.

fundi_tabata
Asanteni sana wakuu. @dari_na_jipsam umenipa wazo, kwa hiyo na kwenye simenti itakubali? Kama vigae vya paa hivi.

injinia_wa_plastiki
Hapo pana mtego. Simenti ikishika inabaki na chokaa kali sana ndani, inaula uzi taratibu na chokaa yenyewe inajaa kwenye vishimo vya uzi unakuwa kama kijiti kikavu. Vigae vya katani na simenti vilivuma sana miaka ya 70 na 80, vikitoka kwenye moldi vinapinda bila kukatika, baada ya miaka michache ya mvua na jua vinakuwa tete kama hakuna uzi ndani. Wabrazili, ambao ndio wanaongoza kulima mkonge duniani, wamelifanyia kazi sana: wanapunguza simenti wanaweka vitu vinavyokula ile chokaa, mfano majivu ya pumba za mpunga yaliyochomwa vizuri. Inasaidia kweli, ila siyo kazi ya kukisia kwa ndoo.

jaduong_kisumu
Niaje wadau. Nyinyi mnalia katani inakunywa maji, kuna watu wameona hapo ndo pesa iko. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha Stanford Marekani, timu ya Manu Prakash, pamoja na mtengenezaji mmoja wa mashine za mkonge wa huku Kisumu, walitoa utafiti wa kugeuza katani kuwa pamba laini ya pedi za akina mama. Wanatoa lignini, kile kitu kinachoufanya uzi uwe mgumu kama mti, kwa asidi fomiki na peroksidi, bila klorini, halafu wanaichambua mpaka inakuwa fluffy hivi. Ikapimwa ikafyonza maji kuliko pamba ya pedi za dukani. Na mkonge unamea pahali kukavu pamba haiwezi, Baringo, Makueni, Taita huko. So fundi, wewe unapigana na maji, wenzako wanayakaribisha.

mpaje
Assalaam alaykum. Hamjautaja usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, hata mmoja, au kwa kuwa ni kitu cha Unguja? Makumbi tunayafukia pwani miezi mingi, maji ya bahari yanaingia yanatoka, na bado unayachimbua unayapiga unapata uzi mzima wa kusokota kamba. Mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, mbao zake zilishonwa kwa kamba hizo hizo na ikenda baharini. Sababu ni kuwa usumba una lignini nyingi, inapita asilimia 40, katani ni kama 10 hivi. Nguvu ya kuvuta ni ndogo kuliko katani, hilo kweli, lakini unanyumbuka sana kabla haujakatika. Kerala kule India wanafuma nyavu za usumba wanatandika kwenye kingo za barabara na mito, zinazuia udongo miaka kadhaa mpaka majani yashike mizizi, kisha zinaoza zenyewe. Huku kwetu pwani inaliwa na bahari na makumbi tunachomea moto.

fundi_tabata
@mpaje wa alaykum salaam, umenimaliza 😅 Basi tangi namtengenezea kwa glasi kama kawaida. Katani nitaanza na paneli za ndani za bajaji na migongo ya viti, vitu visivyoloa. @mkonge_korogwe UG mnauza kuanzia kilo ngapi, au mpaka nichukue bando zima?

mkonge_korogwe
Bando zima ni kubwa kwako mkuu. Njoo PM, zile za kwenye brashi unaweza kuchukua hata gunia moja uone kwanza. Na uje na turubai, huku kunanyesha.