Naomba ushauri: barafu iliniyeyukia kabla ya somo, Jumatatu nianzie wapi?

TichaMvita
Hamjambo nyote. Nafunza PP2, darasa la chekechea, hapa Mombasa, watoto 32, wengi wana miaka mitano. Tuko kwenye vitu vigumu na vya majimaji, kuganda na kuyeyuka. Jumatano usiku niligandisha maji ya rangi kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Usiku wa manane stima ikapotea. Kufika darasani, kila kikombe ni maji na kijipande cha barafu kinaelea juu. Somo likaharibika. Jumatatu nataka kurudia, na nimeshanunua mishumaa nitumie nta badala ya barafu. Je, itafaa? Tafadhali nijibuni mapema, tangu Alhamisi silali vizuri.

FundiFriji
Ticha, vikombe vidogo ndivyo vilivyokuangusha. Gandisha donge moja kubwa kwenye kopo la plastiki la lita mbili, na usilijaze hadi juu. Maji yakiganda huongezeka karibu sehemu moja ya kumi, ndiyo maana chupa ya kioo hupasuka ndani ya friza. Kisha lifunge kwa gunia au blanketi. Watu huniambia blanketi litalipa joto. Blanketi halina joto lake, linazuia la nje lisiingie. Nilianza kazi kwa wauza samaki, kabla sijajua hata kushika bisibisi. Barafu tulikuwa tukiifukia kwenye unga wa mbao, juu yake gunia, na jua la Januari lote lile, jioni bado tunaipiga nyundo.

MamaMapacha
Mimi nimekwama hapo kwa mishumaa. Watoto 32, mtu mzima mmoja, na moto? Nta ya moto ikikumwagikia hunata kwenye ngozi, si kama maji yanayoteleza. Wangu mmoja aliungua kwa uji akiwa na miaka minne na alama anayo mpaka leo. Weka samli kijiko kimoja kwenye sahani ya bati, iache juani. Mombasa hatukosi jua, kiberiti cha nini?

BiKirembo
Mwanangu, wapikie kashata. Sukari kavu motoni, hutii hata tone la maji. Yalegea yenyewe yawa kama asali, watia njugu, wamwaga kwenye sinia, na ikipoa yavunjika ka! Wajukuu wangu husimama mlango wa jikoni wakingoja mlio huo. Lakini upike nyumbani, wao waone sinia tu.

NahodhaLikoni
Dada, kikombe cha barafu hakimnyimi mtu usingizi siku tatu. Kuna jambo hujalisema.

TichaMvita
Haya, nitasema. Barafu ilipoisha niliwaambia, "Mmeona? Kitu kigumu kikipata moto huwa maji, kikipata baridi huwa kigumu." Nikawaimbisha. Hata nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi kutoka nyumbani, niliiamkia asubuhi imeganda nusu, nikawaonyesha. Basi kuna mtoto mmoja mpole, mamake huuza mayai ya kuchemsha na kachumbari jioni. Akainua mkono: "Ticha, mbona yai ni maji, likipikwa huwa gumu?" Wenzake wakacheka, wakaanza kupiga meza, "Yai! Yai!" Nikamwambia asiniharibie somo. Nikamsimamisha mlangoni mpaka kengele.

Ijumaa alikuja, hakutoa neno. Wimbo hakuimba. Nimemhamisha nyuma karibu na dirisha, apate hewa. Lakini nielewe jamani: darasa limejaa, ningeanza habari za yai wote wangechanganyikiwa. Mshumaa hauna maswali, ndiyo maana nikaununua.

MamaMapacha
Apate hewa? Mtoto huyo umemwadhibu mara mbili. Na swali lake lilikuwa zuri kuliko somo lenyewe. Samahani kwa ukali, mimi ni mzazi.

MaabaraKisauni
Ticha, kosa liko kwenye wimbo. Si kila kitu huwa maji kikipata moto. Ndani ya yai kuna protini, nyuzi zilizojikunja. Moto huzikunjua, zikashikana kama wavu na maji yakanaswa humo humo. Lipoze utakavyo, halirudi kuwa bichi. Mtoto wa miaka mitano hahitaji neno protini. Mpe swali moja tu: hiki kinarudi au hakirudi? Barafu inarudi. Samli inarudi. Yai halirudi, mkate haurudi kuwa unga.

Na uangalie neno letu "kuyeyuka". Sukari ndani ya chai twasema imeyeyuka, barafu pia imeyeyuka. Ya chai imesambaa ndani ya maji. Barafu imegeuka yenyewe kwa joto, kama sukari ya kashata ya Bi.

Shahidi001
Mnahangaika na hekaya. Mtoto wa miaka mitano haulizi hivyo. Halafu eti mafuta ya nazi yameganda, Mombasa! Hayo huganda Nairobi. Huyu hata Pwani hakai.

NahodhaLikoni
Kweli, hilo la mafuta nami limenitia shaka. Nyumbani kwangu ni maji mwaka mzima.

BiKirembo
Kwako waamka saa ngapi? Kusi likivuma, Julai hii, nikienda kuchota maji ya udhu alfajiri chupa yangu ina ukungu mweupe chini. Nywele nazipaka baada ya kuisugua mikononi. Na mtoto wa mama muuza mayai asijue yai?

MaabaraKisauni
Bi yuko sahihi. Mafuta ya nazi safi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Usiku wa Julai hapa hushuka hadi karibu 20, na mchana hupita 24. Nahodha huziona chupa mchana.

FundiFriji
Basi Ticha, somo lako liko mezani kwako! Chupa hiyo haitaki stima wala kiberiti. Wapokezane, kila mmoja aishike kwa viganja. Mwili una nyuzi 37, wataona ukungu unaondoka kwa joto la mikono yao wenyewe.

TichaMvita
Shahidi, sijatunga. Natamani ningekuwa nimetunga. Mishumaa pesa zake zimeshaenda, nitaiweka nyumbani kwa siku za giza. Lakini mtoto nitamwambia nini mbele ya wenzake?

MamaMapacha
Mwambie alikuwa sahihi, wewe ulikosea. Mbele ya wenzake, kwa sababu mlangoni ulimsimamisha mbele ya wenzake.

TichaMvita
Jumapili usiku. Jioni nimepita kwa mamake, nimenunua mayai mawili, moja bichi na moja la kuchemsha. Akauliza ya nini. Nikamweleza yote, hata la mlangoni. Alikaa kimya akiikata nyanya ile ile mpaka ikawa kama maji. Kisha akanitolea la tatu, bichi, akakataa pesa. "Hili mpe yeye alivunje mwenyewe." Chupa ya mafuta nimeiweka dirishani, upande wa upepo.

BiKirembo
Isimamishe, mwanangu. Ukiilaza, alfajiri mafuta yatakuwa yameganda shingoni na hawataona kitu.