Giaboksi ya pili imekufa ndani ya miezi minne, na kilichoiua ni rejeta ambayo fundi hakuigusa

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimevumilia vya kutosha.

Gari ni minivani ya viti saba, injini ya V6 (silinda sita) iliyolazwa kwa upana, otomatiki, inavuta kwa mbele. Nililinunua mkononi mwa mtu, na sasa mita inasoma kilomita 214,000. Najua ni la zamani na sijawahi kulidai liwe kama jipya. Ninachodai ni kwamba fundi akiniambia kitu kimekufa awe amekipima, na akisema amebadilisha awe amebadilisha kweli.

Lilianza kwa kutetemeka. Nikiwa kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa, mguu umetulia kwenye mafuta, gari linatikisika kama linapita juu ya matuta madogo ya mfululizo, kisha linatulia. Baada ya wiki kadhaa, asubuhi nikiweka D linakaa sekunde tatu nne bila kushika, halafu linashtuka na kuondoka. Mwisho gia ya tatu ikaanza kuteleza: injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda mpaka 4,000, gari lenyewe haliongezi mwendo. Nyuma wamekaa watoto wangu, lori linakuja, na mimi nimekwama katikati ya kuovateki. Siku hiyo nilirudi nyumbani mikono inatetemeka.

Nikalipeleka gereji. Fundi akazunguka nalo dakika tano, akashuka, akasema, "Bosi, giaboksi imekwisha, tafuta nyingine." Hakuchomoa stiki ya kupimia oili. Hakuunganisha mashine kusoma kompyuta ya gari. Hakuuliza kama limewahi kuchemsha. Nikatafuta giaboksi iliyotumika, ikafungwa, nikalipa, nikashukuru.

Miezi minne baadaye mtetemo ule ule ukarudi, mwendo ule ule.

Safari hii kabla sijampigia mtu simu nilifungua boneti mwenyewe nikachomoa stiki ya giaboksi. Oili ya giaboksi ikiwa nzima ni nyekundu na unaona chuma cha stiki kupitia ndani yake. Ikizeeka inakuwa ya kahawia na kunuka kuungua. Yangu ilikuwa waridi, haionyeshi chochote, ina povu zito kama krimu. Niliipaka kwenye karatasi nyeupe nikakaa naikodolea macho. Oili haiwi hivyo kwa uzee. Inakuwa hivyo ikiingia maji.

Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni rejeta tu. Alisubiri gari lipoe kabisa, akafungua mfuniko wa rejeta, akaingiza kidole na kukitoa kina utando wa mafuta. Akaniambia, "Mwanangu, hizi giaboksi zako mbili zimeuawa na hii hapa."

Kwa wasiojua, na mimi nilikuwa hivyo hivyo: kwenye otomatiki nyingi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta. Mirija miwili inatoka kwenye giaboksi na kuingia kwenye tangi la pembeni la rejeta, na humo mna kipoozeo kidogo kilichozungukwa na maji ya injini. Oili ndani, maji nje, kinachovitenganisha ni ukuta mwembamba wa chuma. Ukuta ukitoboka kwa kutu, vitu viwili ambavyo havikupaswa kukutana vinakutana. Injini ikiwaka, oili inaweza kusukumwa kwenye maji. Ukizima, mfumo wa maji bado una moto na presha, na maji yanarudi kwenye giaboksi. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi zenye utando wa msuguano uliobandikwa kwa gundi. Maji na kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, vikifika pale gundi inaachia, utando unabanduka, sahani zinateleza. Ukishafika hapo, kumwaga oili na kuweka mpya hakuokoi kitu, tena ukifungua nati ya chini hutoi oili yote, nyingi inabaki kwenye tokikonveta, lile dude linalopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili, na kwenye mirija.

Kwa hiyo fundi wangu alichukua giaboksi nzima akaiunganisha kwenye rejeta ile ile iliyotoboka. Siku ya kwanza tu nilipozima gari, maji yakaanza kuingia upya. Angechomoa stiki ile, kazi ya sekunde ishirini, angeliona povu. Hapo ndipo roho inaniuma. Si kwamba kifaa kimekufa, vifaa hufa. Ni kwamba hakuna aliyejiuliza kimekufa kwa sababu gani.

Na rejeta yenyewe ilitobokaje? Mzee alipoikata tangi, ndani kulikuwa na matope ya kutu rangi ya matofali. Gari hili limenyweshwa maji ya bomba kwa miaka. Kulanti siyo rangi ya kupendezesha maji. Ina dawa ya kuzuia kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ukijaza maji matupu kila yanapopungua, unaila rejeta, pampu ya maji na vijia vya silinda hedi polepole, na kila mtu anakwambia gari liko poa kwa sababu mshale wa joto haujapanda.

Mshale wenyewe haukuwa unapanda kwa sababu nyingine iliyonitia wazimu zaidi: thamostati haikuwepo. Mtu aliitoa akaitupa. Najua mtasema ndiyo dawa ya gari linalochemsha, kila gereji niliyopita wanasema hivyo. Siyo dawa. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 hivi, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya ziada ikidhani ni asubuhi, na ulaji wa mafuta unapanda. Kilichokuwa kinachemsha gari, iwe feni isiyowaka, rejeta iliyoziba au mfuniko usioshika presha, bado kipo pale pale. Umemziba mgonjwa mdomo asilalamike.

Nikiwa kwenye hasira hizo nikaanza kukagua kila kitu nilichowahi kulipia. Mwaka jana injini ilikuwa inakosa moto, mashine ikasoma P0300, kodi ya silinda kukosa moto ovyo, na fundi huyo huyo akaniambia plagi sita zimechoka. Nikalipa sita. Kwenye V6 iliyolazwa namna hii plagi tatu ziko mbele, unazifikia umesimama. Tatu nyingine ziko nyuma, zimebanwa na ukuta wa kabini, na kwenye gari langu lazima ufungue manifoldi ya hewa, mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, ndipo mkono upite. Wiki iliyopita nilifungua. Mbele, plagi mpya tatu. Nyuma, tatu za kale zenye kutu kwenye kola, ncha zimelika mpaka pengo limekuwa kubwa kupita kiasi. Alibadilisha tatu zilizo rahisi akanitoza sita. Huo siyo ufundi mbovu, ni wizi, na namwita hivyo hivyo akisoma hapa.

Kelele za mbele kwenye barabara mbaya zilinigharimu shokapu mbili. Ilikuwa stablaiza linki, kile kifimbo kifupi cha kwenye sasipensheni, ukiishika kwa mkono inacheza. Mlango wa pembeni wa kuvuta nao nililetewa habari ya kubadilisha mota nzima, kumbe roli ya chini imelika, mlango unalala na kukwama kwenye reli.

Sasa nauliza wenye uzoefu, hasa mliofunga giaboksi baada ya hii ya maji. Mzee ameshauri nifunge rejeta mpya, na oili ya giaboksi nisiipitishe tena ndani yake bali kwenye kipoozeo cha peke yake mbele ya rejeta, mirija yote ioshwe mpaka itoke safi, na tokikonveta ile ya zamani isirudi. Mimi naafiki. Nataka kujua kipoozeo hicho mmekitafuta cha ukubwa gani kwa gari linalobeba watu saba na mizigo, na kama kuna aliyefanikiwa kufungua giaboksi na kuweka sahani mpya badala ya kununua ya tatu.

Kwa wale wanaokwenda kununua minivani ya zamani wiki hii: gari likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta, ingiza kidole. Kisha chomoa stiki ya giaboksi, ipake kwenye karatasi nyeupe. Muuzaji akikuzuia, ondoka.

Rejeta iliyokatwa nimeiweka. Jumatatu naipeleka gereji ile, naiweka mezani mbele ya fundi, na nitadai fedha za kazi ya giaboksi na za plagi tatu ambazo hakuzigusa. Majibu yake nitayaandika hapa hapa.