Kabla ya Sinai, Waisraeli wa kale waliongozwa na sheria gani? Naomba ushauri

Mleta mada
Ndugu wanajamvi, amani iwe kwenu. Ninafundisha darasa la Biblia la vijana, na tumefika Mwanzo 38, kisa cha Yuda na Tamari, mjane wa mwanawe wa kwanza. Kijana mmoja ameuliza: ikiwa Amri Kumi zilitolewa mlimani Sinai vizazi kadhaa baadaye, ni kwa sheria ipi Onani, mwana wa pili wa Yuda, alidaiwa kumpatia uzao ndugu yake aliyekufa, na ni kwa sheria ipi Yuda aliamuru Tamari achomwe moto alipopata mimba? Mwalimu mwenzangu anasema Ibrahimu aliishika Torati yote kabla haijaandikwa. Mwingine anasema hapakuwa na sheria yoyote ila dhamiri. Nifundishe lipi?

Mzee wa Zamu
Ndugu mwalimu, wa kwanza ana pa kushika, kwa kuwa Mwanzo 26:5 inasema Ibrahimu alihifadhi amri na sheria za Mungu, na Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi wa yapata mwaka 200 BK, inafundisha kwamba aliitimiza Torati yote. Hata hivyo, maandiko yenyewe yanaleta ugumu. Sara alikuwa binti wa baba yake Ibrahimu kwa mama mwingine, Yakobo aliwaoa Lea na Raheli, mtu na dada yake, wakiwa hai wote wawili, na Amramu, baba yake Musa, alimwoa shangazi yake Yokebedi. Ndoa zote tatu zimekatazwa katika Mambo ya Walawi 18. Mwandishi hakuzificha wala hakuwahukumu wahusika, na kwangu huo ni ushahidi kwamba waliishi chini ya utaratibu mwingine.

Msomaji wa Kale
Naunga mkono, ila huyo wa pili naye asiachwe hivi hivi, maana dhamiri peke yake haipangi urithi wala haiamui nani amwoe mjane. Sheria zilikuwepo, na nyingine zilikuwa mila za eneo zima. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, za yapata mwaka 1750 KK, zinazungumzia kuhani wa kike aliyempa mumewe mjakazi ili amzalie watoto, kisha mjakazi akajiona sawa na bibi yake: bibi haruhusiwi kumuuza, lakini anaweza kumrudisha katika hali ya utumwa. Mtu akisoma hapo kisha akafungua Mwanzo 16, ugomvi wa Sara na Hajiri haumshangazi tena. Sheria za Wahiti, taifa la kale katika Uturuki ya leo, nazo zinasema mume akifa, ndugu yake amwoe mjane, na ndugu huyo akifa, baba wa marehemu amwoe. Mpe kijana wako hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba Tamari kumgeukia baba mkwe hakukuwa jambo lisilojulikana katika ulimwengu wao.

Mama Mwalimu
Shukrani, kaka. Mimi ningeshauri darasa liweke Mwanzo 38 kando ya Kumbukumbu la Torati 25, ambapo ndugu wa marehemu anaweza kukataa mbele ya wazee, akavuliwa kiatu na kutemewa mate, mambo yakaisha. Katika Mwanzo hakuna mlango huo, wala mahali pa mjane kushtaki. Yuda ni mkuu wa nyumba, ndiye mdaiwa, na ndiye hakimu anayetoa hukumu ya kifo bila shahidi hata mmoja kuhojiwa. Tamari alitumia muhuri, kamba na fimbo ya Yuda mwenyewe, alivyompa kama rehani alipolala naye bila kumtambua, kama vielelezo, naye Yuda akakiri kwamba Tamari alikuwa na haki kuliko yeye kwa sababu alimnyima Shela, mwanawe wa tatu, awe mumewe. Huwezi kukiri deni la namna hiyo pasipo sheria inayotambuliwa na pande zote mbili.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Nitaanzia kwenye vifungu hivyo viwili. Je, tohara na Sabato niziweke kundi gani?

Mzee wa Zamu
Tohara ni agizo la agano, Mwanzo 17, kama lilivyo katazo la kula damu alilopewa Nuhu katika Mwanzo 9. Hizo hazikutokana na mila za majirani kwa jinsi maandiko yanavyosimulia. Kuhusu Sabato, wasomee Kutoka 16, ambapo watu wanakatazwa kuokota mana, chakula walichopewa na Mungu jangwani, siku ya saba kabla hawajafika Sinai.