Tupeane uzoefu: chama cha wafanyakazi na mtaa wenu, mlishikana au kila mtu na lake?

Wana Kigoma na Tabora habarini. Mimi mtoto wa kota za reli hapa Tabora. Marehemu babu aligoma 1960, ule mgomo wa siku 82, chama chao cha wafanyakazi wa reli, TRAU, cha akina Kasanga Tumbo aliyekuwa katibu mkuu wake. Mshahara hakuna na watoto sita ndani, alisema kilichowabeba ni mashemeji zake wakulima wa Uyui waliokuwa wanaleta mihogo na karanga kwa baiskeli, na mwenye duka aliyekubali kuandika tu kwenye daftari. Siasa nayo ilikuwa humo humo, TANU 1954, TFL (shirikisho la vyama vya wafanyakazi) ya Kawawa 1955, kwenye kudai uhuru walikuwa bega kwa bega. Ila 1964 TFL ikavunjwa ikaja NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ipo chini ya TANU, katibu mkuu anateuliwa na Rais. Mi naona hapo mfanyakazi alipata rafiki mkubwa akapoteza mdomo. Nyie kwenu ilikuwaje?

Binti Ujiji: Mama yangu alikuwa anauza migebuka ya kukaanga stesheni Kigoma. Wafanyakazi wa treni walipogoma yeye ndo aliumia wa kwanza, samaki wanaharibika, madumu ya mawese yamejaa barazani abiria hakuna, aliwachukia kweli. Mpaka siku moja fundi mmoja akaja pale kwa akina mama, akakalia ndoo iliyogeuzwa, akatoa karatasi ya mshahara mfukoni akawasomea, miezi mitatu hawajalipwa. Kesho yake wakawapelekea uji. Hakuna kiongozi aliyemtuma yule kaka, alikuja mwenyewe tu.

Mwalimu Kasulu: Sisi mgomo wa walimu wa 2012, shuleni kwetu hatukumwambia mzazi hata mmoja. Watu wameamka wanakuta watoto wamerudi nyumbani, hawajui kisa, mahakama ikausimamisha ndani ya wiki na mtaani hakuna aliyetutetea. Dukani nilikuwa napita kichwa chini. Kosa letu lile, mzazi unakutana naye kisimani kila siku halafu unashindwa kumwambia?

Mleta mada: Mwalimu hiyo imeniuma. Na mliokuwa kwenye mashina ya chama enzi za JUWATA, iliyokuja baada ya NUTA, naomba mje, nataka kujua ukisema bosi anaonea watu ulikuwa unasikilizwa au unaitwa ofisini.